Kipenga Kimoja, Viwanja Viwili: Siku Tano Amu na Mpeketoni

Alhamisi. Malindi hadi Mokowe

Nimeitwa kwa sababu sijulikani. Ndivyo alivyonieleza kocha wa kisiwani kwenye simu, bila kuzunguka: "Maalim, refa wa Amu hatakubaliwa Mpeketoni, na refa wa Mpeketoni hatakubaliwa Amu. Twataka mtu asiye na shamba wala mjomba huku." Amu ndio mji wa kisiwa cha Lamu; Mpeketoni iko bara, ng'ambo ya pili. Mimi ni mtu wa Malindi, mwalimu mstaafu, na nimepuliza kipenga miaka ishirini na ushei kwenye viwanja vya mchanga kutoka Mambrui hadi Watamu. Shamba huku sina. Mjomba ninaye mmoja, yuko Pate, kisiwa cha jirani, lakini kocha hakuniuliza, nami sikujipeleka.

Mechi ni mbili, kesho kutwa Mpeketoni na Jumapili kisiwani. Wachezaji ni vijana wa chini ya miaka ishirini walio kwenye likizo ya Agosti. Hakuna kombe, hakuna mdhamini, na hakuna fulana zilizoandikwa AMANI kifuani. Hili la mwisho ndilo lililonifanya nikubali. Niliwahi kuchezesha bonanza la namna hiyo. Fulana zilifika mapema kuliko mipira, wageni wa heshima wakahutubu saa mbili nzima, mpira ukachezwa dakika arobaini kwa kuwa jua lilikuwa linazama, kila mtu akarudi kwao. Mwaka uliofuata nilimkuta kijana anaoshea pikipiki fulana kama ile yangu.

Basi liliondoka Malindi saa tatu badala ya saa mbili, likimngojea abiria aliyekuwa "hapo tu, njiani". Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Mpeketoni, gunia la viatu vya mitumba katikati ya miguu yake. Tulipofika Gongoni alikuwa ameshanijua jina, kazi na idadi ya wajukuu.

"Unaenda Lamu kutembea, mwalimu?"

"Naenda kuchezesha mpira. Vijana wa Amu na vijana wa kwenu."

Alicheka hadi mtu wa mbele akageuka. "Na hao wa kisiwani watakuja? Kwetu?"

"Wamesema watakuja."

"Mimi nauza chai karibu na uwanja. Nitaamini nikiwaona."

Baada ya Garsen mabasi yalingojana, askari wakatangulia na gari lao, kama ilivyokuwa desturi ya njia hii tangu ile miaka ya mashambulizi. Kwenye kizuizi tulishuka, kila mtu na kitambulisho mkononi. Kijana mmoja wa kanzu aliyekaa nyuma yangu alishikiliwa kitambo kuliko sisi wengine. Wote tulitazama chini, kama watu wanaotafuta shilingi iliyodondoka. Aliporudi, yule mama akamsogezea mguu apite, akasema kwa sauti ndogo, "Kila safari ni huyu huyu. Sijui hawajamzoea tu."

Njia ndefu humfanya mtu awaze. Sisi Wakenya tuna wimbo wetu, kwamba michezo hutuunganisha: mkimbiaji akishinda, hakuna anayeuliza kabila lake. Akishinda hatumuulizi, ni kweli. Lakini Lucas Sang alikimbia mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne kwa niaba ya Kenya huko Seoul mwaka 1988, na usiku wa kuamkia mwaka 2008, ghasia za uchaguzi zilipowaka, aliuawa Eldoret. Wiki chache baadaye Wesley Ngetich, mkimbiaji wa marathoni, alikufa kwa mshale. Kwa hiyo mtu akiniambia michezo huleta umoja, humwitikia "naam" ya adabu, ile ya kumpisha mtu aendelee na maneno yake.

Mokowe, gati la bara la kuvukia kisiwani, tulifika alasiri. Upepo wa kusi ulikuwa mkali, mashua ikarusha maji mpaka kwenye soksi zangu za urefa, nilizozivaa makusudi ili zisikunjike ndani ya mkoba. Kosa langu mwenyewe.

Ijumaa. Amu

Amu haina magari. Ina punda na maoni. Nilikuwa sijamaliza mahamri na mbaazi za asubuhi nilipogundua kwamba mji wote unajua refa ameshawasili, amelala wapi, na kwamba ana mjomba Pate.

Baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda Mkunguni, mbele ya ngome, kwenye vivuli wanakokaa wazee wa bao. "Ndoo, keleti," aliniambia mmoja wao bila kuinua macho kutoka kwenye kete. Nikaketi. Kahawa ikaja, chungu kama inavyotakiwa. Walicheza mpaka bao likaisha, kisha wote wanne wakanigeukia kwa pamoja, nikajua kumbe mchezo ulikuwa ni kunipotezea muda nizoee.

"Maalim," alianza yule mkubwa wao, "huo mpira wenu utarejesha mashamba?"

"Hautarejesha, Sheikh."

"Hati za ardhi zimo ndani yake?"

"Hazimo."

"Basi mwaendea nini?"

Swali hili sikulikimbia kwa sababu ni swali la haki. Katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya mashifta, waasi wa kaskazini-mashariki, Wabajuni wengi waliacha vijiji vyao vya bara wakakimbilia visiwani. Katika miaka ya 1970 serikali ikafungua mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta, ndio Mpeketoni ya leo, na wengi waliogawiwa ardhi walitoka mbali, hasa Wakikuyu. Mtu wa kisiwani atakwambia kalima babu yake pale, na hati amepewa mwingine. Mtu wa Mpeketoni atakwambia baba yake alipewa pori lenye tembo na malaria, akalifyeka kwa panga, na mtoto aliyezaliwa pale ana kwao gani kwingine. Nimewasikiliza wote wawili kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba hakuna kati yao anayesema uongo.

Basi badala ya kujibu niliwapa kisa cha kisiwa kingine. Watu wakitaka kuisifu michezo hutaja tarehe 24 Juni 1995, Mandela na jezi ya kijani yenye namba 6 mgongoni, jezi ya nahodha Francois Pienaar, Afrika Kusini ikiishinda New Zealand 15 kwa 12 katika fainali ya Kombe la Dunia la raga. Ni picha nzuri, imetundikwa kila ukuta. Mimi hupenda zaidi habari za Robben Island, kisiwa cha gereza huko huko Afrika Kusini. Wafungwa wa kisiasa waliomba ruhusa ya kucheza mpira, wakakataliwa na kuadhibiwa kwa kuomba, wakaomba tena. Walipokubaliwa, mwishoni mwa miaka ya 1960, waliunda chama chao, Makana Football Association, wakaendesha ligi kwa kitabu cha sheria za FIFA walichokipata kwenye maktaba ya gereza. Walikuwa na kamati. Walikuwa na rufaa za maandishi, mfungwa akimwandikia mfungwa mwenziwe barua rasmi kwa sababu ya bao la ofsaidi! Walikuwa na marefa wao, akiwemo Jacob Zuma aliyekuja kuwa rais. Mandela mwenyewe hakucheza hata siku moja, maana alitengwa na wenziwe. Timu za mwanzo zilifuata vyama vya siasa, ANC huku na PAC kule, mpaka ikatokea timu ya Manong iliyopokea mtu wa chama chochote. Mwaka 2007 FIFA ikakipa chama hicho uanachama wa heshima.

Nilikisimulia vizuri, najua. Mwuza kahawa alisimama na birika lake hadi mwisho.

Mzee wa bao alikuna ndevu. "Hao walifungwa pamoja, Maalim. Hawakuwa na pa kwenda. Sisi kila mtu ana kwake, na kwake ndiko kunakogombwa."

Nikanywa kahawa yangu. Nimekaa na walimu wa vyuo ambao hawakuniweka sawa hivyo.

Jioni nilizunguka mji. Watu wa nje huiona Amu kama kitu kimoja, mji wa mawe, urithi wa dunia tangu mwaka 2001, milango ya nakshi, basi. Wenyewe wanajua pasuko zake. Kaskazini Mkomani, kusini Langoni. Na zamani zaidi pande mbili zilizoitwa Zena na Suudi. Wapate na Wamazrui wa Mombasa walipokuja na majeshi yao karibu mwaka 1813, Waamu waliwapiga pale Shela, na hata baada ya hapo mji uliendelea kushindana wenyewe kwa wenyewe, kwa mashairi, kwa ngoma, kwa beni, mtaa ukitunga matusi ya kistaarabu dhidi ya mtaa wa pili. Hadi leo Maulidi ya Riyadha yakifika, pamoja na kaswida na zefe utaona mbio za punda, kuogelea na bao. Langoni akimshinda Mkomani mtu hukaa na donge lake wiki nzima, kisha wanaozana.

Neno hilo, wanaozana, lilinikumbusha Nairobi. AFC Leopards ilianzishwa mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya. Gor Mahia ilikuja mwaka 1968, ya Waluo. Serikali ikapiga marufuku majina ya kikabila, Abaluhya wakageuka Leopards mwaka 1980, Luo Union wakawa Reunion. Majina yalibadilika, mashabiki hawakubadilika hata nukta. Lakini ile mechi yao watu wenyewe wakaibatiza jina: ya mashemeji. Hakuna waziri aliyekaa kitako akabuni hilo. Shemeji ni mtu unayeweza kumtania mpaka kwenye mazishi, na huwezi kumfukuza kwako.

Usiku kocha alinijia na uso mrefu. Baba wa wachezaji wawili wamekataa. Mmoja amesema hampeleki mwanawe akacheze ngoma juu ya shamba la babu yake. Na winga wa kushoto ana homa.

"Umebaki na wangapi?"

"Tisa."

"Na kipa?"

"Kipa ndiye mmoja wa waliokatazwa."

Jumamosi. Mpeketoni

Tulivuka alfajiri, tukapanda matatu kutoka Mokowe kupitia Hindi. Vijana waliimba mpaka kizuizi cha kwanza, kisha wakanyamaza, na hawakuimba tena. Beki mmoja, kijana wa miaka kumi na tisa, aliganda kwenye dirisha akitazama mahindi, mikorosho, miembe, tena mahindi. "Ami," aliniambia, "mimi nimekwenda Mombasa mara nne na Nairobi mara moja. Hapa sijapata kuja."

Ni mwendo wa saa moja na kitu kutoka gatini Mokowe.

Mpeketoni ni mji wa soko, wenye shughuli kuliko nilivyotarajia, pikipiki kila pembe, magunia ya simsim, mabati mapya. Uwanja una nyasi, jambo lililowatia vijana wetu hofu zaidi ya wapinzani, maana wao wamezoea mchanga, na kwenye nyasi mpira hauna adabu. Yule mama wa basi nilimkuta na meko yake na birika kubwa. Aliwahesabu vijana wakishuka kwenye matatu, mmoja mmoja, kama anayehesabu chenji.

"Tisa," akasema. "Basi wamekuja."

Wakati timu zikipasha misuli moto nilikunywa chai kwake, ya maziwa mengi, ya bara. Sikumuuliza kuhusu mwaka 2014. Mtu haulizi. Lakini aliniona nikitazama kibanda cha pili, ambako walibandika ratiba ya mechi za Ulaya za jioni.

"Mpira wa televisheni mimi nilikoma," alisema. "Huu wa mchana, wa watoto, naweza."

Usiku wa Juni 15 mwaka ule, watu wengi wa mji huu walikuwa wamekaa mbele ya televisheni wakitazama Kombe la Dunia lililokuwa likichezwa Brazil. Wenye bunduki waliingia wakati huo. Katika usiku ule na uliofuata waliuawa watu zaidi ya 60, hapa na vijiji vya karibu. Al-Shabaab walisema ni wao; serikali ikasema ni mtandao wa wanasiasa wa hapa hapa; na ukimsikia mtu anashikilia lipi kati ya hayo mawili, umeshajua anaishi upande gani. Kilichofuata kiliwafika wote. Ilikuja amri ya kutotoka usiku, na wavuvi wa visiwani wakakatazwa kuvua usiku, jambo ambalo kwa mvuvi ni sawa na kumwambia mkulima asiguse shamba wakati wa mvua. Mpeketoni hawakulijua hilo la wavuvi mpaka leo nilipowatajia. Na kisiwani, jana, kijana mmoja aliniuliza kama ni kweli watu walikuwa wanatazama mpira.

Tulikaa kitako, makocha wawili na mimi, juu ya suala la wachezaji tisa. Kocha wa Mpeketoni, mtu mfupi wa maneno machache, alijitolea kupunguza timu yake iwe na tisa pia. Wa Amu akakataa, akaona ni kuonewa huruma. Ndipo yule mfupi akasema, "Basi nitawapa wawili. Beki na kipa. Kipa wangu wa pili hapati nafasi, na ni mzuri."

Hivi ndivyo kijana wa Mpeketoni, mrefu, mwembamba, amevaa glavu za fundi wa kuchomelea vyuma zilizokatwa vidole, alivyosimama kwenye goli la Amu. Marafiki zake wakajipanga nyuma ya nyavu wakimzomea kwa jina la utani ambalo sitaliandika. Kipindi cha kwanza alizuia mipira mitatu ya hatari, na kila alipozuia walimzomea zaidi, na kila walipomzomea vijana wa Amu walimpigia makofi zaidi, hadi ikawa mechi ndani ya mechi. Hadi mapumziko mabao yalikuwa 1 kwa 1.

Sasa nifike kwenye dakika ya 78, ingawa ningependa kuiruka.

Beki wa Amu alimkwatua mshambuliaji ndani ya kisanduku. Penalti, haina ubishi. Kipa wa kuazimwa alikuwa nalo onyo langu tangu kipindi cha kwanza, kwa penalti nyingine aliyoiokoa kwa kuruka mapema, mpigaji akarudia na kuupaisha juu. Safari hii aliiokoa tena, kwa mkono wa kushoto, vidole vitupu. Uwanja uliruka. Nami nikapuliza: irudiwe, na kadi ya njano, kwa sababu niliona miguu yake yote miwili imetoka kwenye mstari kabla mpira haujapigwa.

Niliona. Ndivyo nilivyoamini.

Irudiwe ilirudiwa, bao, 2 kwa 1. Vijana wa Amu walinizunguka, hilo nililitarajia. Sikutarajia waliotoka nyuma ya goli. Wale wazomeaji, waliokuwa wamemtukana kipa tangu mwanzo, waliingia uwanjani kumtetea. Timu yao imepata bao la ushindi na wao wananiambia mimi ni mwizi. "Refa, huyo ni wetu, tunamjua, haruki mapema!" Mama wa chai aliacha meko. Kocha mfupi wa maneno machache aliyapata maneno yote aliyokuwa ameyaweka akiba. Kwa dakika nne hivi, watu wa Amu na watu wa Mpeketoni walisimama bega kwa bega mbele yangu, wakisema kitu kimoja kwa Kiswahili cha lafudhi mbili.

Baada ya mechi mtu alileta simu. Video. Kisigino cha kulia cha kipa kilikuwa juu ya mstari, wazi kama mwezi wa kumi na nne, na sheria inataka mguu mmoja tu. Niliitazama mara tatu. Nikawaambia, "Nimekosea." Hawakujua la kufanya na hilo, walikuwa wamejiandaa kubishana mpaka magharibi.

Tulikula githeri kwa yule mama, yeye hakutaka pesa yangu, na hakuwa na uso wa upole alipokataa.

Jumapili. Kisiwani

Saa ya mechi ilipangwa kwa hesabu ya ibada mbili: baada ya kanisa la asubuhi, kabla ya azana ya magharibi. Tukaongeza ya tatu, maji kupwa na kujaa, ambayo haina dini.

Usiku wa jana nilikuwa nimelala vibaya, na nilikuwa nikiiwaza Kodivaa. Oktoba 2005, walipofuzu kwa mara ya kwanza kwenda Kombe la Dunia baada ya kuwafunga Sudan 3 kwa 1 huko Omdurman, Didier Drogba na wenziwe walipiga magoti chumba cha kubadilishia nguo mbele ya kamera, wakawaomba wananchi waweke silaha chini. Kila mtu hukumbuka magoti hayo. Mimi nadhani jambo kubwa lilikuja baadaye, Juni 3, 2007, na halina magoti. Mechi ya kufuzu dhidi ya Madagaska ilipelekwa Bouaké, mji uliokuwa ngome ya waasi, badala ya kuchezwa Abidjan. Wakashinda 5 kwa 0. Timu ya taifa ilisafiri ikaenda kwa wale iliyokuwa haiendi kwao. Ndiyo, mwaka 2010 uchaguzi ukawarudisha vitani, wakafa watu kama 3,000, na mtu asiyelitaja hilo anauza dawa bandia. Hata hivyo nikajiambia kwamba yule mzee wa bao alikuwa amenipa jawabu bila kutaka. Kila mtu ana kwake. Basi habari yote iko kwenye nani anavuka kwenda kwa nani, na mpira ni kisingizio cha nauli.

Vijana wa Mpeketoni walifika gati la Mokowe kumi na wanne. Sita kati yao hawakuwa wamewahi kupanda chombo cha maji. Walivaa majaketi ya kujiokolea wakiwa bado barabarani, wakafunga kamba zote, wakapanda mashua kama watu wanaopanda mgongo wa ng'ombe asiyejulikana. Kusi lilikuwa linapiga. Nahodha, mzee wa Matondoni, aliwatazama akasema, "Msimshike mwenzenu, shikeni chombo." Katikati ya mkondo mshambuliaji wao nyota, yule aliyenifungia ile penalti, alitapikia baharini kwa heshima kubwa, na beki wa Amu akamshikilia ukosi wa shati asidondoke. Kufika gatini kisa kilikuwa kimeshatangulia. Watoto walimpokea kwa mlio wa kutapika, naye akainua mkono kama rais.

Kipa sasa alikuwa na mgogoro mpya: kila timu ilimtaka. Wa Amu alikuwa amerudi, baba yake amesikia habari za penalti na akasema dhuluma kama ile haiwezi kuachwa bila mwanawe kuwapo. (Baba mwenyewe alikuja, akasimama pembeni, mikono nyuma, hakumpa mkono mtu, hakuondoka pia.) Hatimaye kijana mwenye glavu za fundi alidaka kwa timu yake kwa mara ya kwanza tangu asajiliwe, kocha mfupi hakuwa na njia nyingine.

Mechi yenyewe haikuwa nzuri. Mchanga uliwachosha wageni, upepo ukaiba kila mpira wa juu, punda mmoja alikatiza katikati ya uwanja dakika ya 30 na hakuna sheria inayoniambia nimpe kadi gani. Ikaisha 1 kwa 1. Kila nilipopuliza, pande zote mbili ziliniambia nikavae miwani.

Kilichonishughulisha ni baada yake. Jua lingezama, mashua na barabara ya usiku havifai, kwa hiyo ilikubaliwa tangu mwanzo kwamba wageni watalala kisiwani. Kocha alikuwa ametaka kuwapanga madrasa, na mikeka. Lakini baada ya azana vijana walianza kugawana wageni wenyewe, "huyu wangu, huyu wangu", kama watu wanaogawana samaki. Mshambuliaji mtapikaji alichukuliwa na beki. Kipa alisimama akingoja, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenziwe ameshamchukua. Yule baba wa mikono nyuma ndiye aliyesogea. "Ndoo," akamwambia. "Kuna mkate wa mofa na samaki." Akatangulia bila kugeuka, kijana akamfuata na mfuko wake wa plastiki, kando yake kipa mwenziwe, hawasemi kitu wote watatu mpaka kichochoro kikawameza.

Sijui walizungumza nini usiku ule. Ya mashamba, pengine. Pengine ya penalti.

Jumatatu. Amu hadi Mokowe

Asubuhi nilipita Mkunguni kuaga. Bao lilikuwa limesukumwa pembeni. Juu ya sinia la kahawa, vikombe viwili vilisimama badala ya milingoti ya goli, kete ikawa mpira, na kipa mrefu wa Mpeketoni alikuwa anawaonyesha wazee kisigino chake kilikuwa wapi hasa. Wazee wanne waliinama juu ya sinia kama mafundi wa saa. "Mstari uko hapa," alisema yule mkubwa wao, akichora kwa kidole kilicholoa kahawa. "Na mguu huu hapa. Basi huyo refa hana mato?"

Nilipinda kona ya ngome kabla hawajainua vichwa.

Gatini, nilipokuwa nikisubiri mashua ijae, mtoto wa miaka minane hivi alinikodolea macho, kisha akautazama mkoba wangu, kisha kamba ya kipenga iliyokuwa inachungulia mfukoni.

"Ami, wewe ndiwe refa?"

"Refa?" nikasema. "Refa ameondoka jana."